Bethune: Daktari wa jiji aliyehamia ushago wa Uchina na hakurudi

Hebu tuambiane ukweli. Mara ya mwisho ulipoenda ushago, ulikaa siku ngapi kabla ya kuanza kuulizia matatu ya kurudi mjini? Siku ya kwanza huwa tamu: kuku amechinjwa, shosho anakusifu umenenepa, hewa ni safi. Siku ya tatu simu imezima, netiweki unaitafutia juu ya kilima, na choo kiko mbali kwenye giza. Siku ya tano unakumbuka ghafla kwamba una shughuli muhimu Nairobi.

Na huo ni ushago wenu, mahali unapojua lugha na kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani.

Sasa mfikirie daktari mpasuaji wa karibu miaka 48 kutoka Montreal, Kanada. Jamaa wa kuvaa vizuri, kuchora picha, kunywa na kubishana na marafiki mpaka usiku wa manane. Mwaka wa 1938 aliacha hayo yote akaenda kuishi kwenye vijiji vya milimani kaskazini mwa Uchina, katikati ya vita, bila kujua lugha, na posho aliyopewa akaikataa. Hakurudi tena nyumbani. Jina lake ni Norman Bethune. Kule Uchina hata mtoto wa shule anamjua, kwa jina la Bai Qiu'en. Huku kwetu wengi hatujawahi kumsikia.

Namleta hapa kwa sababu wengi wetu tuna ndoto ya kwenda kujitolea mahali, ndani au nje ya nchi. Bethune alienda. Akakosea vibaya mwanzoni, kisha akajifunza. Hiyo sehemu ya kukosea ndiyo huwa haisimuliwi.

Kijana asiyetulia

Alizaliwa Machi 1890 katika mji mdogo wa Gravenhurst, jimbo la Ontario. Babake alikuwa mhubiri wa kanisa la Kipresbiteri. Babu yake, ambaye pia aliitwa Norman, alikuwa daktari mpasuaji, na kijana akajiambia atafuata nyayo za babu.

Mwaka wa 1909 alijiunga na Chuo Kikuu cha Toronto. Lakini ukidhani alisoma moja kwa moja mpaka mahafali, umenoa. Mwaka wa 1911 alisimamisha masomo akaenda kujitolea na Frontier College, shirika lililopeleka vijana kwenye kambi za wakata miti msituni. Mpango ulikuwa hivi: mchana unakata na kubeba magogo pamoja na vibarua, usiku unawafundisha Kiingereza na kusoma. Wengi wa vibarua hao walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya. Shirika liliamini kwamba mwalimu asiyeshika shoka hawezi kuheshimiwa na wanafunzi wanaoshinda na shoka. Mimi niliyeachana na chuo naipenda sana sehemu hii, lakini tusidanganyane: yeye alirudi.

Akarudi, halafu akatoka tena. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka wa 1914, alikuwa kati ya wa kwanza kujiandikisha. Akawa mbeba machela, na mwaka wa 1915 vipande vya bomu vikamjeruhi mguu huko Ypres, Ubelgiji. Akarudishwa Kanada, akamaliza shahada ya udaktari mwaka wa 1916, kisha akaenda tena vitani kama daktari wa jeshi la majini la Uingereza.

Baada ya vita alikaa Uingereza kwa muda, na mwaka wa 1923 akamwoa Frances Penney, binti wa Kiskoti. Ndoa hiyo ilikuwa sinema. Waliachana, wakaoana tena, wakaachana tena. Bethune hakuwa mtu rahisi kuishi naye. Alikuwa na hasira za karibu, alitumia pesa kama maji, na alipenda chupa. Nayasema haya mapema ili usidhani nakusimulia maisha ya malaika.

Ugonjwa uliomfungua macho

Walihamia Detroit, Marekani, akafungua kliniki. Mwaka wa 1926 akapatikana na kifua kikuu. Siku hizo hakukuwa na dawa ya kuponya ugonjwa huo. Ulipelekwa kwenye hospitali ya mapumziko, ukalala kitandani, ukangoja kupona au kufa.

Bethune alilala Saranac Lake, jimbo la New York, akingoja kifo. Siku moja akasoma kuhusu matibabu ambapo daktari anaingiza hewa kifuani kwa sindano ili pafu linaloumwa lisinyae na kupumzika. Madaktari wake waliona ni hatari. Yeye akasisitiza afanyiwe. Akafanyiwa, akapona.

Kuanzia hapo akaamua maisha yake ni ya kupambana na kifua kikuu. Akaenda Montreal, akawa mpasuaji wa mapafu mwenye jina. Vifaa alivyopewa visipomridhisha alibuni vyake. Mkasi wake wa kukatia mbavu ulitumiwa na wapasuaji kwa miaka mingi.

Lakini kuna kitu kilimsumbua. Mgonjwa maskini alipasuliwa, akapona, akarudi kwenye chumba kile kile chenye baridi, chakula kile kile kisichotosha, na baada ya muda anarudi hospitalini akikohoa. Hii ilikuwa miaka ya 1930, uchumi wa dunia umeanguka, watu hawana kazi. Bethune akaanza kuwatibu maskini bila malipo. Mwaka wa 1935 alitembelea Umoja wa Kisovieti kuona jinsi serikali ilivyogharamia matibabu ya watu wote. Aliporudi akajiunga na Chama cha Kikomunisti, na mwaka wa 1936 yeye na wenzake wakapendekeza mpango wa afya ya umma Montreal. Wakubwa wakaupuuza, na madaktari wengi wenzake hawakutaka kuusikia.

Mwaka huo huo akaenda Uhispania kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko alianzisha kikosi kilichokusanya damu Madrid, kikaihifadhi kwenye friji na kuipeleka kwa gari karibu na uwanja wa vita, badala ya kungoja majeruhi wafike hospitalini wakiwa wamekauka. Wazo lilikuwa kali. Ila aligombana na watu, akanywa kupita kiasi, na katikati ya mwaka wa 1937 akawa amerudi Kanada. Julai mwaka huo Japani ikaishambulia Uchina. Bethune akaamua: nitaenda huko.

Safari ya kwenda ushago

Januari 1938 alipanda meli kutoka Vancouver pamoja na daktari mmoja Mmarekani na muuguzi Mkanada, Jean Ewen. Ewen alikuwa amewahi kufanya kazi Uchina na alijua Kichina. Yule daktari Mmarekani alikuwa mlevi kuliko hata Bethune, na hawakuelewana. Waliobaki kwenye safari ya kwenda bara ni Bethune na Ewen.

Walisafiri kwa treni, kwa miguu na kwa msafara wa mikokoteni iliyovutwa na baghala, yaani wale wanyama wanaozaliwa na punda na farasi. Ndege za Japani ziliwadondoshea mabomu njiani. Kwa wiki kadhaa habari zao zikapotea, na huko nje ikavuma kwamba wamekufa. Mwisho wa Machi wakatokea Yan'an, mji wa mapango yaliyochimbwa kwenye udongo, makao makuu ya Wakomunisti wa Uchina. Huko Bethune alikutana na Mao Zedong.

Angeweza kubaki Yan'an. Kulikuwa na hospitali na wageni wengine wa kupiga nao gumzo. Akaomba apelekwe mbele, kwenye milima ya Wutai kati ya mikoa ya Shanxi na Hebei, eneo la wapiganaji wa msituni lililozungukwa na Wajapani pande zote. Ewen akabaki nyuma. Bethune akafika milimani Juni 1938.

Huko hapakuwa na stima, barabara ya maana wala mtu wa kuongea naye ila mkalimani. Majeruhi walilazwa ndani ya nyumba za wanakijiji, juu ya kang, kile kitanda kipana cha udongo au matofali kinachopashwa moto kutoka chini. Bendeji zilifuliwa na kutumika tena na tena. Wengi walioitwa madaktari hawakuwa wamesomea udaktari, na wauguzi walikuwa vijana wa shamba, wengine bado watoto. Chakula cha kila siku kilikuwa mawele.

Siku za kwanza Bethune aliwaka. Alifoka, alirusha vifaa vibovu, aliwakaripia watu waliokuwa wamefanya walichoweza kwa miaka mingi bila chochote. Unaweza kumwelewa: anaona mtu anakufa kwa kidonda ambacho Montreal kingefungwa kwa dakika kumi. Lakini mkemee mtu kwa lugha asiyoijua, mbele ya wenzake, uone kama kesho atakusikiliza.

Hospitali ya wiki chache

Hapa ndipo alipofanya kosa lake kubwa. Alitaka hospitali ya mfano, jengo la kudumu, safi, lenye chumba cha upasuaji na sehemu ya kufundishia. Makamanda walikuwa na wasiwasi. Vita vya msituni ni vya kuhama kila mara, na ukijenga kitu cha kudumu unamwonyesha adui mahali pa kupiga. Bethune akashikilia lake.

Kijiji cha Songyankou kikajitolea. Hekalu la Wabuddha likageuzwa hospitali. Maseremala na wahunzi wa kijiji wakatengeneza vifaa, akina mama wakashona shuka na bendeji, na daktari mwenyewe akachapa kazi nao. Baada ya wiki tano hivi za kazi, katikati ya Septemba 1938, hospitali ikafunguliwa kwa sherehe, umati ukaja. Fikiria furaha yake. Ndoto aliyoikosa Montreal ameipata kijijini.

Kabla ya mwaka kuisha Wajapani walikuwa wamefika na kuibomoa.

Hapo wengi wetu tungefunga virago. Si umejaribu? Si watu wameona? Bethune alikubali kwamba makamanda walikuwa sahihi na yeye alikosea, na kwa mtu mwenye kichwa ngumu kama chake, hilo halikuwa jambo dogo. Kijiji kile hakikuhitaji Montreal ndogo. Kilihitaji hospitali inayoweza kukimbia.

Akaanza upya. Akashirikiana na mafundi wa hapo kubuni sanduku za mbao zilizobebwa juu ya mgongo wa baghala, zenye meza ya upasuaji, vifaa, dawa na bendeji. Unafika kijijini, unashusha mizigo, unapasua, na adui akikaribia unapakia na kutokomea milimani. Alisogea karibu na mapigano kadiri alivyoweza, kwa sababu Uhispania ilimfundisha kwamba saa chache ndizo humtofautisha aliye hai na maiti. Kwenye mapigano ya Qihui, Aprili 1939, alifanya upasuaji wa watu 115 kwa saa 69.

Suala la damu nalo lilikuwa gumu. Kijijini watu waliogopa kutoa damu, kama tu wengi wanavyoogopa hapa kwetu hadi leo. Bethune hakuwahutubia. Alilala kando ya majeruhi, akatolewa damu yake mwenyewe mbele yao, akaamka na kuendelea na kazi. Baada ya hapo watu wakaanza kujitokeza, na kikundi cha wachangiaji damu kikaundwa pale pale. Hakuhitaji friji kama ya Madrid. Damu ilikuwa inatembea kijijini.

Aliyoyaacha

Kitu kingine kilichobadilika ni yeye kuanza kuwa mwalimu. Alikuwa daktari mmoja kwenye eneo la mamilioni ya watu, na hesabu hiyo haikubali. Akafundisha kupitia mkalimani, akachora picha pale maneno yalipokwama, akaandika vitabu vya mafunzo usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta. Vijana wale wale aliokuwa akiwafokea wakawa wanafunga vidonda na kushika visu. Zile hasira zilibaki, hawakumpata akiwa mpole ghafla, lakini sasa walijua anapigania nini.

Alipotengewa posho ya kila mwezi alikataa, akataka pesa hizo ziwanunulie majeruhi sigara na mahitaji mengine. Nguo, chakula na mahali pa kulala alipewa, na kwake hiyo ilitosha.

Tusidhani hakuumia. Miezi ilipita bila gazeti wala kitabu cha kusoma, bila mtu wa kuongea naye Kiingereza cha kawaida. Kwenye barua aliwaomba marafiki vitabu na habari za dunia. Meno yaliharibika, sikio moja likawa halisikii, mwili ukakonda hadi kwenye picha anaonekana mzee wa miaka 70. Hata hivyo barua zake zinaonyesha mtu aliyeridhika. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mahali ambapo hakuna aliyemwona kuwa wa ziada.

Hakufanya peke yake pia. Kwenye kijiji cha Songjiazhuang alikutana na Kathleen Hall, muuguzi mmishonari kutoka New Zealand. Mmoja Mkomunisti, mwingine mtu wa kanisa. Hall alikubali kwenda Beiping, ndiyo Beijing ya leo, kununua dawa na kuzipitisha chini ya pua ya Wajapani. Walipomgundua waliharibu kituo chake na kumfukuza. Watu kama Hall hupata mstari mmoja tu kwenye hadithi za mashujaa, lakini bila dawa zile, Bethune angepasua na nini?

Kidole

Kufikia vuli ya 1939 alikuwa amepanga kurudi Kanada kwa muda, atafute pesa na dawa, halafu arejee. Wajapani wakaanza mashambulizi mapya. Akaahirisha safari.

Mwisho wa Oktoba, akipasua haraka haraka bila glavu kwa sababu hazikuwepo, alijikata kidole cha mkono wa kushoto. Jeraha dogo la kufunga na kusahau. Siku chache baadaye akampasua askari aliyekuwa na maambukizi makali, na vijidudu vikaingia kwenye kile kidonda. Mkono ukavimba, homa ikapanda. Akataka aendelee kupelekwa mbele na akaendelea kuangalia majeruhi. Mwishowe akabebwa kwa machela mpaka kijiji cha Huangshikou, wilaya ya Tang, mkoa wa Hebei. Sumu ilikuwa imesambaa kwenye damu. Alikufa ndani ya nyumba ya mwanakijiji alfajiri ya Novemba 12, 1939. Alikuwa na miaka 49, na hakuwa amemaliza hata miaka miwili Uchina.

Mwezi uliofuata Mao aliandika makala fupi ya kumkumbuka, na baadaye mamilioni ya Wachina wakalazimika kuikariri. Hapo akageuzwa sanamu: mtakatifu asiye na doa, wa kutumiwa na siasa. Kanada nayo ilimsahau kwa miaka mingi kwa sababu ya ukomunisti wake, ikamkumbuka miaka ya 1970 ilipoanza kuelewana na Uchina. Nyumba alimozaliwa Gravenhurst sasa ni makumbusho, na mjini Shijiazhuang, alikozikwa, kuna hospitali kubwa yenye jina lake.

Lakini mimi kinachonishika si sanamu. Ni barua.

Siku moja kabla ya kufa, aliandika wosia kwa kamanda wake. Aligawa vitu vyake: nani apewe vifaa vya upasuaji, nani apewe blanketi. Akaomba mke wake wa zamani asaidiwe kifedha. Halafu, mtu anakufa, mkono umevimba, akaanza kuongea juu ya bei za dawa. Aliagiza wanunue kwinini kila mwaka kwa ajili ya wagonjwa wa malaria, na dawa za kuongeza madini ya chuma kwa wenye upungufu wa damu. Na akawaonya wasinunue tena dawa kwenye miji ya karibu kama Baoding na Tianjin, kwa sababu bei ya huko ni maradufu ya Shanghai na Hong Kong.

Mgeni hajui mambo hayo. Mgeni anajua bei ya tiketi ya kurudi kwao. Anayejua dawa zinauzwa ghali wapi na rahisi wapi, na nani kijijini hana damu mwilini, huyo tayari ni mwenyeji.

Kwa hivyo ukipata nafasi ya kujitolea, iwe Turkana, Malawi au mahali ambapo hata jina huwezi kulitamka, nenda. Piga selfi zako, hakuna ubaya. Ila ukifika usianze kujenga ulichokiota ukiwa nyumbani. Waulize wenyeji kwanza adui huja kupitia njia gani. Wao wanajua.